Darasa la Jumamosi la Kijenge: utunzi wa nyimbo unaoanza na maneno

Kwa yeyote anayetunga nyimbo hapa Arusha, au anayetamani kutunga lakini kila mara ameishia kununua biti na kumung'unya maneno juu yake, lipo darasa linalofanyika Kijenge kila Jumamosi asubuhi ambalo linastahili kutathminiwa kwa uzito, kwa sababu linafanya jambo ambalo studio nyingi hazina muda nalo: linamfundisha mtu kutunga wimbo kabla kompyuta haijawashwa. Nimelisoma mpaka mwisho na kulipa ada kamili kama wenzangu. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba ni zuri sana katika maneno na mahadhi, ni la wastani katika kodi za kinanda na gitaa (noti zinazopigwa kwa pamoja), na limeacha pengo la kushangaza katika miundo ya nyimbo, pengo ambalo mwalimu wake angeweza kuliziba kwa mali iliyopo hapa hapa nchini.

Darasa lenyewe halina jina wala bango. Wanaolijua huliita darasa la Jumamosi, na anayelitafuta huelekezwa kwa mdomo na wanamuziki wenzake. Linaendeshwa katika sebule ya nyumba ya kawaida, yenye ubao mweupe, kinanda kimoja, gitaa mbili na mabenchi ambayo mgongo hauyasahau upesi. Kozi ni ya wiki nane, ada ni shilingi 160,000 inayoweza kulipwa kwa awamu mbili, na chai ya maziwa na maandazi vimo ndani ya ada hiyo. Wengi tulifika kwa kifodi, yaani daladala, lakini walikuwepo wawili waliotoka Moshi, takriban kilomita 80, na hawakukosa hata mara moja, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi wa kiasi fulani. Neno moja juu ya siku: kuchagua Jumamosi kunawafungia mlango Wasabato, ambao kwaya zao zina baadhi ya watunzi na walimu wa sauti hodari kuliko wote katika mkoa huu. Mwalimu anajua, na anasema nyumba haipatikani siku nyingine.

Sheria kuu ya darasa ni kwamba hakuna biti mpaka wiki ya tano. Mwanzoni vijana kadhaa walinuna, na ninawaelewa, kwa sababu ndivyo kazi inavyofanyika siku hizi: prodyuza anatengeneza mdundo, anautuma kwa simu, mwimbaji anausikiliza akitembea, anatafuta namna ya kuupanda, kisha maneno yanakuja mwisho kama abiria waliochelewa. Njia hiyo si mbaya kwa kila kitu. Rap ilizaliwa juu ya mdundo, na mtu hawezi kutunga singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, bila kuwa na mdundo wenyewe masikioni. Tatizo ni kwamba biti huja na maamuzi mengi yaliyokwisha kufanywa, yakiwemo kasi, ufunguo, mzunguko wa kodi na mahali pa kupumzika, hivyo anayeanza hapo hupewa nyumba iliyokwisha kujengwa na kuombwa achague rangi ya mapazia. Mwalimu hupenda mwanafunzi aone kwanza kwamba sentensi ya Kiswahili, ikisemwa vizuri, tayari ina mdundo ndani yake.

Somo hilo ndilo lililonifanya niamue kwamba fedha yangu haikupotea, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Binti mmoja anayeimba katika hoteli za mjini alileta mstari wake: «Nitakuja nyumbani kesho jioni.» Alikuwa amefunga mahadhi mazuri ya taratibu, ya kuhesabu tatu-tatu, akaimba, na sote tukahisi kuna kitu kinachokwaruza bila kujua ni nini. Mwalimu akamwambia, «Dada, hebu liseme kwanza, usiliimbe. Liseme kama unamwambia mama kwenye simu.» Akalisema. Mwalimu akaandika silabi zote 12 ubaoni na kuzungushia duara zile zilizobeba mkazo: *ku* katika nitakuja, *mba* katika nyumbani, *ke* katika kesho, na *o* katika jioni. Kisha akapiga mstari chini ya silabi ambazo mahadhi yake yalikuwa yamezikalia kwa pigo zito: ya kwanza, ya nne, ya saba na ya kumi. Hakuna hata moja iliyokutana na duara. Binti alikuwa akiimba «NItaku, JAnyumba, NIkesho, JIoni», na masikio yetu yalikuwa yakifanya kazi ya ziada kurudisha maneno mahali pake.

Kila msemaji wa Kiswahili anajua, hata kama hajawahi kuambiwa, kwamba mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwamba neno likiongezewa kiambishi mwishoni mkazo nao huhama: nyumba ina mkazo mwanzoni, nyumbani inausogeza mbele. Lakini mtunzi akishaishika tuni huisahau kanuni hiyo, kwa sababu tuni ni tamu na ina nguvu ya kuburuta. Mwalimu hakuyatupa mahadhi ya yule binti. Aliomba pigo zito liwekwe kwenye silabi zenye duara, yaani ya tatu, ya sita, ya nane na ya kumi na moja, na hapo likajitokeza jambo ambalo sikulitarajia. Mapengo kati ya mapigo hayo hayalingani: ni silabi tatu, kisha mbili, kisha tatu. Ule mwendo wa kuhesabu tatu-tatu ukavunjika, na mahali pake ukaja mwendo wenye mneso, wa kurukia mbele kidogo, ambao mcheza ngoma yeyote angeutambua. Mneso huo haukutoka kwa prodyuza wala kwenye programu, ulikuwa umelala ndani ya sentensi tangu mwanzo. Binti aliimba tena, na safari hii kijana wa kiti cha nyuma, aliyekuwa amenuna kwa ajili ya biti, alianza kugonga benchi.

Wanakwaya darasani walilipokea somo hili kwa namna ya pekee. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na tuni za Kijerumani zikawa sehemu ya ibada katika nchi hii ya kaskazini kwa vizazi. Nyingi zilitafsiriwa kwa uaminifu mkubwa wa mafundisho, ila idadi ya silabi ndiyo iliyotazamwa zaidi, na mkazo ukaangukia popote ulipobahatika. Aliyekulia katika kwaya amezizoea kiasi kwamba hazimkeri tena, na bila kujua anatunga nyimbo zake mwenyewe kwa desturi ile ile ya kulazimisha. Mwalimu alizitaja nyimbo hizo kwa heshima, akazitumia kuonyesha tofauti kati ya maneno yaliyovikwa tuni ya watu wengine na tuni iliyokatwa kwa kipimo cha maneno yenyewe. Ningependa somo hilo lifike kwa kila mwalimu wa kwaya kuanzia hapa hadi Rombo.

Juu ya vina darasa ni kali, na kwa haki. Kiswahili kinatoa vina kwa urahisi wa kupotosha: vitenzi vyetu vingi huishia na -a, mahali huishia na -ni, na kauli ya kutendana humpa kila mvivu *pendana, achana, tafutana* bila jasho. Kwa wiki moja nzima tulikatazwa kufunga mstari kwa kitenzi, tukalazimika kutafuta majina ya vitu, ya watu na ya mahali yafanye kazi hiyo. Matokeo yake yalionekana mara moja, kwani nyimbo zilizokuwa zimejaa *napenda* na *naenda* zilianza kuwa na ndoo, stendi, kitenge na mvua ya Njiro. Zilianza kuwa na mahali. Nadhani zoezi hilo liliboresha maudhui zaidi ya lilivyoboresha vina, na sina hakika kama mwalimu alikusudia hivyo au ni bahati njema.

Sambamba na vina lilikuja suala la wazo la wimbo. Kila mmoja alitakiwa kueleza wimbo wake katika ujumbe mmoja wa simu, wenye urefu ambao mtu angeusoma bila kufungua zaidi, na ujumbe huo ndio uliopaswa kuwa mbegu ya kiitikio. Aliyehitaji ujumbe wa pili aliambiwa ana nyimbo mbili. Beti zilipewa kazi ya kusogeza habari mbele, nacho kiitikio kazi ya kurudi kwenye hoja ile ile, ambayo kila ikirudi inasikika kwa maana iliyoongezeka kutokana na kilichosemwa katika ubeti. Ni mafundisho ya kawaida ambayo mtu angeyapata katika video nyingi za bure, lakini video haikuambii kwamba ubeti wako wa pili unarudia wa kwanza kwa maneno mengine, na mwalimu alituambia hivyo karibu sote.

Katika mahadhi, uamuzi bora wa darasa ni kutumia sol-fa, yaani kuandika noti kwa majina do, re, mi, fa, so, la, ti. Mfumo huu uliasisiwa Uingereza na Sarah Glover, ukaenezwa na John Curwen katika karne ya 19, na mpaka leo ndio unaoandikwa katika makaratasi ya kwaya zetu, za Kikatoliki na za Kilutheri. Wanakwaya walijikuta wameingia darasani wakiwa na nusu ya elimu, na marapa waliokuwa wakidhani do-re-mi ni mambo ya watoto waligundua kwamba wanaweza kuandika mahadhi nyuma ya risiti bila ala yoyote. Tulifundishwa kutazama wimbo kama mstari unaopanda na kushuka: unapanda kwa hatua au kwa kuruka, unapumzika wapi, na noti ya juu kabisa imewekwa kwenye neno gani. Mfano uliotumika ni wimbo maarufu wa filamu ya mwaka 1939 uliotungwa na Harold Arlen kwa maneno ya Yip Harburg, «Over the Rainbow», ambao silabi zake mbili za kwanza zinaruka kutoka do ya chini hadi do ya juu, kisha mahadhi yanazunguka chini ya noti hiyo ya juu kabla ya kuirudia. Mruko mkubwa hugharimu, akasema mwalimu, na ukiutumia mara moja mahali panapostahili, msikilizaji anaukumbuka. Ukiutumia katika kila mstari anachoka, na mwimbaji anachoka kabla yake.

Tulishauriwa pia kuuweka ubeti katika sehemu ya chini na ya kati ya sauti, ili kiitikio kipate pa kupandia, na kuhakikisha wimbo mzima hauvuki sana oktava moja (umbali wa kutoka do ya chini hadi do ya juu) ikiwa tunataka watu wauimbe nao. Hili la mwisho wanakwaya walilibishia, wakisema soprano wao wanafika mbali, na wakajibiwa kwamba soprano hawanunui nyimbo. Ni jibu la haraka mno kwa maoni yangu. Wimbo wa harusi unaotakiwa kuimbwa na ukumbi mzima na wimbo wa kusikilizwa ibadani ni kazi mbili tofauti, na darasa linaelekea kuzipima zote kwa ya kwanza.

Kodi zilipewa wiki moja, na hapo ndipo darasa lilipopwaya. Tulionyeshwa kodi tatu za msingi, ya do, ya fa na ya so, tukaongezewa ya la iliyo ndogo (minor), tukaambiwa kwamba mzunguko wa do, so, la ndogo na fa umebeba nyimbo nyingi za pop duniani, jambo ambalo ni kweli. Tukapewa na bluzi ya vipimo 12, kipimo kikiwa ni kundi la mapigo, kwa kawaida manne: vinne vya do, viwili vya fa, viwili vya do, kimoja cha so, kimoja cha fa, viwili vya do. Kilichokosekana ni sababu. Hakuna aliyeelezwa kwa nini so inavuta kurudi do, wala kwa nini mzunguko ule wa kodi nne hauonekani kuisha, wakati hilo ndilo linalomsaidia mtunzi kuamua wimbo wake unataka kutulia au kuzunguka. Ilitosha kuonyesha kwamba ndani ya kodi ya so imo ti, noti iliyo nusu hatua tu chini ya do, na sikio linaidai ipande. Wanakwaya, ambao wanaijua ti hiyo kwa kuiimba kila Jumapili, wangelielewa kwa dakika mbili. Badala yake walikaa wakipiga miayo, huku marapa wakinakili herufi za kodi wasizojua wazifanyie nini. Kinanda chenyewe kina kitufe kimoja cha katikati kilichokufa, na kwa bahati mbaya ni kile ambacho kila mtu anakihitaji.

Muundo wa wimbo ulianza vizuri kupita kiasi. Mwalimu alichukua kasi ya mapigo 100 kwa dakika, akapanga kila kipimo kiwe na mapigo manne, na kutufanya tuhesabu: kipimo kimoja ni sekunde 2.4, vipimo 8 ni sekunde 19.2, vipimo 16 ni sekunde 38.4. Kisha akajenga wimbo ubaoni: utangulizi wa vipimo 4, ubeti wa 16, kiitikio cha 8, ubeti wa 16, kiitikio cha 8, daraja (sehemu tofauti inayounganisha) la 8, na kiitikio kinachorudiwa mara mbili, 16. Jumla ni vipimo 76, yaani dakika tatu na sekunde mbili. Halafu akauliza msikilizaji atakisikia kiitikio kwa mara ya kwanza lini. Jibu ni baada ya sekunde 48. Kwa kuwa Spotify huhesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30, mtunzi huyo atakuwa amelipwa, kama atalipwa, kwa utangulizi na nusu ya ubeti. Ukipunguza ubeti wa kwanza uwe wa vipimo 8, kiitikio kinaingia kabla ya nusu dakika. Sijawahi kuona hesabu ya darasa la tano ikiwanyamazisha watu wazima namna ile.

Baada ya hapo, hata hivyo, mifano yote ya miundo ilisafirishwa kutoka Marekani. Tulijifunza AABA ya vipimo 32, umbo lililotawala nyimbo za watunzi wa New York katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, lenye sehemu nne za vipimo nane nane na B ikiwa ndilo daraja. Tulijifunza ubeti na kiitikio. Ni vizuri kuyajua hayo. Lakini mwalimu aliyetumia wiki mbili kuthibitisha kwamba mdundo umo ndani ya Kiswahili hakusema lolote juu ya shairi, na hilo nimeshindwa kulielewa.

Chukua mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, wenye ukwapi (nusu ya kwanza) wa mizani nane na utao (nusu ya pili) wa mizani nane, mfano huu nilioutunga kwa ajili ya maelezo tu: «Safari haina mwisho, nayo miguu yachoka.» Ukiipa kila silabi nusu ya pigo, ukwapi unajaza kipimo kimoja kamili cha mapigo manne, na utao unajaza cha pili. Ubeti wa mishororo minne unakuwa vipimo 8. Beti mbili zinakuwa 16, ambavyo ndivyo vipimo anavyopewa rapa kwa ubeti wake mmoja katika studio yoyote ya mjini hapa. Kwa maneno mengine, umbo ambalo tulikaririshwa sekondari kwa ajili ya mtihani linaingia katika biti ya kawaida bila kukatwa hata silabi moja. Ni kweli kwamba hakuna anayeweza kutiririsha silabi zote hizo bila kuvuta pumzi, lakini shairi limelifikiria hilo pia, kwa kuwa kina cha kati kinamwonyesha mwimbaji mahali pa kukatia. Zaidi ya hapo, shairi lenye kibwagizo hurudia mshororo wa mwisho katika kila ubeti, na kumpa mtunzi njia ya kuwa na kiitikio kinachokaa ndani ya ubeti wenyewe, cha mstari mmoja, kisichohitaji vipimo vingine 8. Kwa mtu mwenye wasiwasi wa sekunde 48, hiyo ni dawa iliyoko kabatini kwake.

Muziki wa dansi nao haukuguswa. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo baadaye ilikuja kuwa Msondo Ngoma, na Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, zilizoea kutunga wimbo wenye sehemu mbili kubwa: ya kwanza ya taratibu, inayosimulia kisa na kutoa mashairi yote, na ya pili, chemko, ambapo kasi hupanda, magitaa yanafungana, tarumbeta zinajibu na waimbaji wanabaki na kauli fupi za kuitikiana. Umbo hilo halirudirudi kwenye kiitikio kila baada ya ubeti. Linakusanya habari kwanza, kisha linaiachia miili ya watu. Kijana anayetaka kutoka katika mzunguko wa kodi nne angepata hapo njia tofauti kabisa ya kufikiria dakika zake, na asingelazimika kujifunza hata neno moja la kigeni.

Wala hatukusikia habari za jirani zetu wenyewe. X Plastaz, kundi la rap, walianzia hapa Arusha mwaka 1996, wakaweka uimbaji wa Kimasai kando ya rap ya Kiswahili, na albamu yao «Maasai Hip Hop» ikatoka mwaka 2004. Kwa darasa la utunzi swali lao ni la kiufundi na ni zuri mno: sauti ya Kimasai, yenye kiongozi na kundi linalounguruma chini yake, inakaa wapi katika wimbo wa vipimo 16? Inakuwa kiitikio, inakuwa utangulizi, au inatembea chini ya ubeti wote? Kina Joh Makini na wenzake wa kundi la rap la Weusi nao walitoka katika mitaa hii hii. Darasani walikuwepo vijana wanaowajua kwa majina ya utotoni, na hakuna mstari wao hata mmoja uliopandishwa ubaoni ukahesabiwa mkazo.

Haki za mtunzi zilipewa nusu saa ya mwisho ya siku ya mwisho, wakati watu wanapiga picha. Tuliambiwa jambo la msingi, kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kazi inalindwa kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na kwamba COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ofisi ya kusajili. Suala ambalo kila mtu alikuwa nalo kichwani, la nani anamiliki nini pale mmoja anapoleta maneno, mwingine mahadhi na wa tatu biti, lilijibiwa kwa ushauri wa kuandikiana karatasi mapema. Ushauri huo ni sahihi, ila karatasi hiyo iandikweje? Ningebadilisha wiki ya kodi, kwa jinsi ilivyofundishwa, na wiki nzima ya kuandika makubaliano ya namna hiyo kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa sababu wimbo «Malaika», ambao Afrika Mashariki nzima inauimba, umeendelea kugombaniwa utunzi wake kwa miongo mingi, na mwanzo wa ugomvi wa aina hiyo huwa ni urafiki usioandikwa popote.

Nani aende, basi? Mwimbaji wa hoteli, mwalimu wa kwaya anayetunga, na rapa ambaye ameanza kuhisi kwamba mistari yake yote inafanana, hao watapata faida kubwa kuliko ada yao, hasa katika wiki nne za kwanza. Anayetaka elimu ya kodi na upangaji wa ala asipoteze Jumamosi zake hapa: Chuo Kikuu cha Makumira, pale Usa River, kinafundisha muziki kwa ngazi ya shahada, na hata kwa asiyetaka shahada, mpiga kinanda mzuri wa kanisani atamfikisha mbali zaidi kuliko ile wiki moja. Prodyuza aliyekwisha kuzoea kazi atachoka mwanzoni, lakini ningemsihi aje kwa ajili ya somo la mkazo, kwa sababu ndiye mara nyingi anayemwambia mwimbaji «ongeza neno hapo, pamebaki nafasi».

Kwa watakaojiandikisha: nafasi ni chache kwa sababu sebule ni ndogo, na anayelipa awamu ya kwanza ndiye anayeshikiwa benchi. Njooni na daftari lenye mistari, na gitaa kama mnalo, kwa kuwa mbili zilizopo hugombaniwa. Mwezi wa Juni na Julai chumba kina baridi ya kutosha kuzifanya nyuzi zipoteze tuni kila baada ya nusu saa, kwa hiyo sweta si anasa. Na mwombeni mwalimu mapema, siku ya kwanza kabisa, atenge Jumamosi moja kwa ajili ya shairi na dansi. Nilipomuuliza mwishoni alisema hakuna mwanafunzi aliyewahi kuomba.